Mtu wa Chini: Kuipamba Besmenti Bila Kumsahau Anayelala Humo

Karibu kila familia ya kwetu huku Minnesota ina mtu wa chini. Ni mjomba anayefanya kazi usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee na kulala mchana. Ni binamu aliyeshuka kwenye ndege juzi na bado anasubiri makaratasi. Ni dada aliyemaliza chuo, akaangalia kodi za nyumba, akarudi kwa wazazi. Juu vyumba vimejaa, basi anapewa godoro na blanketi mbili, anaambiwa, "Shuka chini, huko kumetulia." Na chini ni kwenye besmenti.

Mliosikiliza kipindi cha wiki hii mnajua tuliahidi kuandika juu ya kutengeneza besmenti. Maswali mengi mliyotuma yalikuwa ya mapambo: mbao za zamani, taa za kufichwa, ule mtindo wa kuchanganya vitu vya kishamba na vya kisasa ambao umejaa kwenye simu zetu. Tutafika huko, msijali, tena kwa raha. Ila tunaanza na yule mtu wa chini, kwa sababu pesa za kutengeneza nyumba huwa hazitoshi. Kinachoachwa mwisho mara nyingi huachwa kabisa.

Mfano tutakaotumia ni nyumba yetu wenyewe, kaskazini kidogo ya Minneapolis. Ni nyumba ya miaka ya 1950, ya mtindo ambao watu wa huku wanauita rambler: ghorofa moja juu, na nyingine ya ukubwa uleule chini ya ardhi. Mama ni mtu wa Lamu. Mdogo wake, mjomba wetu, ameishi kule chini miaka sita. Mwaka jana familia ikaamua kupatengeneza pawe mahali pa mtu kuishi, si pa kujibanza.

Kwa nini kuna shimo chini ya nyumba

Ndugu zenu wa Houston wakija huku hushangaa: kwani hizi nyumba zimezikwa? Sababu ni baridi. Ardhi ya Minnesota huganda kila mwaka. Maji yaliyomo udongoni yakiganda hutanuka, na yakitanuka huinua chochote kilicho juu yake, hata nyumba. Kwa hiyo kanuni za ujenzi za jimbo zinataka msingi ushuke chini kuliko pale baridi inapofika: inchi 42 kusini mwa jimbo, yaani futi tatu na nusu, na inchi 60 kaskazini. Sasa ukishachimba kiasi hicho kwa ajili ya msingi tu, kuongeza futi chache upate ghorofa nzima si jambo kubwa.

Ila kumbuka, ghorofa hiyo haikujengwa kwa ajili ya mtu kulala. Ilijengwa iweke fanesi ya kupasha nyumba joto, tangi la maji moto, mashine ya kufulia na masanduku. Unapoligeuza shimo la mashine kuwa chumba cha binadamu, kuna mambo manne ambayo chumba cha juu kinayo tayari na cha chini hakina: ukavu, hewa safi, njia ya kutokea na mwangaza.

Maji kwanza

Usinunue hata kopo moja la rangi kabla hujajua maji yanaingilia wapi. Subiri mvua kubwa, au theluji ya Machi inapoyeyuka, ushuke na tochi. Angalia pembe za chumba. Angalia pale ukuta unapokutana na sakafu. Ukiona unga mweupe ukutani, unaotoka ukiupangusa kwa kidole, hiyo ni chumvi. Maji yamepita ndani ya zege, yakaibeba, yakakauka na kuiacha pale. Mama alipouona alisema, "Hii si ile ya kwetu?" Ndiyo. Kuta za mawe ya matumbawe kule pwani hufanya hivyohivyo.

Kuna jaribio rahisi ambalo mtoto wa shule anaweza kulifanya. Chukua kipande cha plastiki cha futi mbili kwa mbili, kibandike sakafuni kwa tepu pande zote nne, kiache siku moja au mbili. Matone yakikusanyika chini ya plastiki, unyevu unatoka ardhini. Yakiwa juu yake, unyevu ni wa hewa ya chumbani, na mashine ya kukausha hewa huenda ikatosha. Nunua pia kile kipimo kidogo cha unyevu. Lenga kati ya asilimia 30 na 50. Ukipita 60, kuvu wameshapata makao.

Mara nyingi tiba iko nje, wala si ndani. Safisha gata. Refusha yale mabomba yanayoshusha maji ya paa, yamwage maji futi nne hadi sita mbali na ukuta. Tazama udongo unaozunguka nyumba: unatakiwa uteremke kwenda mbele, inchi sita katika futi kumi za kwanza. Kwetu upande mmoja ulikuwa unateremka kuelekea nyumbani. Tulichohitaji ni udongo, chepe mbili na Jumamosi mbili. Baada ya hapo pembe iliyokuwa inalia maji kila Aprili ilikauka.

Kama besmenti yenu ina shimo lenye pampu, hakikisheni pampu ina betri ya akiba. Dhoruba inayoleta maji ndiyo hiyohiyo inayokata umeme.

Na wala tusidhani ni suala la zulia kulowa tu. Tarehe 1 Septemba 2021, mabaki ya kimbunga Ida yalipofika New York, mvua ilinyesha kwa kasi ambayo mitaro ya jiji haikuiweza. Watu 11 walifariki ndani ya makazi ya besmenti, wengi wao Queens. Wengi walikuwa wahamiaji. Walikuwa watu wa chini, kama wetu.

Hewa usiyoiona

Kuna gesi inaitwa radoni. Haina rangi, haina harufu, huwezi kuionja. Hutoka ardhini pale madini ya urani yanapooza kidogo kidogo, ikapenya kwenye nyufa za sakafu na kukaa mahali pa chini palipofungwa. Yaani besmenti. Shirika la mazingira la serikali ya Marekani linaihesabu kuwa sababu ya pili ya saratani ya mapafu baada ya sigara, na ya kwanza kwa wasiovuta. Linakadiria kuwa inaua watu wapatao 21,000 nchini kila mwaka. Huku Minnesota, idara ya afya ya jimbo inasema nyumba mbili katika kila tano zina radoni ya kiwango cha hatari.

Kipimo chake ni rahisi na cha bei nafuu, kinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Unakiweka katika ghorofa ya chini inayotumiwa na watu, unafunga madirisha, unakiacha siku kadhaa kama maelekezo yanavyosema, halafu unakituma maabara. Wakati mzuri ni majira ya baridi, nyumba ikiwa imefungwa. Jibu likiwa pikokuri 4 kwa lita au zaidi, unatakiwa kurekebisha. Dawa yake ni bomba linaloanzia chini ya sakafu ya zege, lenye feni inayonyonya ile gesi na kuitoa juu ya paa. Pima kabla ya kujenga kuta, maana bomba linahitaji pa kupita.

Na usisahau fanesi. Mashine inayochoma gesi inahitaji hewa ya kutosha. Ukiizungushia kuta ili isionekane, bila kuiachia njia ya hewa, unakaribisha sumu ya kaboni monoksidi. Weka king'ora cha moshi ndani ya chumba cha kulala na kingine nje ya mlango wake, na cha kaboni monoksidi karibu na wanaolala. Hiki ni kitu cha kununua leo hata kama ukarabati wenyewe ni wa mwakani.

Dirisha lililotugombanisha

Hapa ndipo familia yetu ilipogawanyika. Pesa zilikuwa zinatosha jambo moja kubwa. Kaka yangu alitaka televisheni ya ukuta mzima na makochi ya ngozi. Mama alitaka bafu. Mimi nilitaka dirisha la kutokea. Chumba cha Mjomba kilikuwa na kijidirisha kimoja juu kabisa, karibu na dari, ambacho paka angepita kwa shida.

Mjomba mwenyewe alikuwa upinzani. "Dirisha la nini? Mimi nalala mchana, mwangaza ni wa nini?"

Mama akaweka kikombe chini. "Moto ukishika ngazi utatokea wapi? Utapaa?"

Mjomba akacheka, halafu akanyamaza. Televisheni ikaambiwa isubiri, na mpaka leo inasubiri.

Kanuni ziko wazi. Chumba chochote cha kulala kilicho besmenti lazima kiwe na njia yake ya kutokea nje, na mara nyingi njia hiyo ni dirisha. Kwa kanuni ambazo majimbo mengi huzifuata, dirisha likifunguliwa liache nafasi wazi ya angalau futi za mraba 5.7. Kimo cha nafasi hiyo kisipungue inchi 24, upana usipungue inchi 20, na ukingo wake wa chini usizidi inchi 44 kutoka sakafuni, ili mtu apande bila ngazi. Hapa kuna mtego. Dirisha la inchi 20 kwa 24 haliruhusiwi, hata kama vipimo vyote viwili vinaonekana sawa, kwa sababu ukizidisha unapata futi za mraba 3.3 tu. Vipimo vyote lazima vitimie kwa pamoja. Fikiria zimamoto mwenye mtungi wa hewa mgongoni: yeye ndiye anayetakiwa kupita hapo kuingia.

Nje ya dirisha huchimbwa kisima kikavu, chenye eneo la angalau futi za mraba 9, na kikizidi inchi 44 kwenda chini kinawekewa ngazi. Kabla ya kuchimba popote Marekani, piga 811. Ni bure, na watakuja kuweka alama pale nyaya na mabomba ya gesi yalipopita.

Kukata zege la msingi si kazi ya wikendi na binamu. Ukuta huo umebeba nyumba. Chukueni kibali cha manispaa, mtafute fundi mwenye leseni, na mkaguzi aje aone. Najua wazee wetu wengi wakisikia neno mkaguzi wanaona matatizo. Waelezeni hivi: kibali ni karatasi inayosema kuwa siku ya kuuza nyumba, au siku ya kudai bima, chumba kile kitahesabika kuwa chumba.

Na wewe unayepanga besmenti ya mtu? Pima dirisha lako leo. Kama hutoki, mwandikie mwenye nyumba, tena kwa maandishi, si kwa mdomo. Ukaguzi wa nyumba za kupangisha uko katika miji mingi, na unaweza kuuliza bila kuwa na hati yoyote mkononi zaidi ya anwani.

Ukuta uachiwe upumue

Mafundi wa uhifadhi wa majumba ya pwani wanalijua jambo hili vizuri. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunyonya unyevu na kuutoa. Ukiupaka plasta ya saruji ngumu, unyevu unafungiwa ndani, na baada ya muda plasta inabanduka na ukuta unaoza. Besmenti ina kisa kinachofanana. Watu hugandamiza pamba ya kioo moja kwa moja kwenye zege, wanaifunika plastiki, halafu jipsamu juu. Hewa ya joto ya chumbani inapenya, inakutana na zege baridi, inakuwa maji, na kuvu wanaota mahali ambapo hakuna anayewaona. Anayewanusa ni yule anayelala humo.

Njia iliyo salama zaidi ni kubandika vibao vya povu gumu kwenye zege, kuziba viungo vyake vyote, kisha kusimamisha fremu ya mbao mbele yake. Mbao ya chini inayogusa zege iwe ile iliyotiwa dawa. Jipsamu isiguse sakafu; iache iinuke nusu inchi, pengo litafichwa na ubao wa pembeni.

Nyumba ikiwa ya zamani, simama kwanza kabla ya kubomoa. Rangi iliyopakwa kabla ya 1978 inaweza kuwa na madini ya risasi. Vile vigae vya sakafu vya inchi 9 kwa 9, vilivyoenea sana miaka ya 1950, mara nyingi vina asbesto. Usivipige msasa, usivibandue mwenyewe. Vikiwa vizima, kawaida hufunikwa tu kwa sakafu nyingine. Kwetu vilikuwepo, na viko mpaka leo, chini ya vibao vya vinaili ambavyo maji hayaviharibu.

"Mnalipa pesa ili muonekane wa shamba?"

Haya, sasa mapambo.

Nilipomwonyesha Mama picha za mtindo ule, mbao zenye makovu, ndoo za bati, meza isiyopakwa vanishi, alitazama muda mrefu. Akauliza, "Mnalipa pesa ili muonekane wa shamba?" Kwa kizazi chake, ushamba ni tusi. Walikuja huku kuuacha. Kwetu sisi tuliokulia kwenye fleti za kuta nyeupe na samani za kuunganisha kwa skrubu, kitu chenye alama ya mkono wa mtu kinatuvuta. Kila upande una haki yake. Mtindo wenyewe unapendeza pale tu kitu cha zamani kinapofanya kazi, na cha kisasa kinapokisaidia kifanye kazi.

Minnesota imejaa maghala ya zamani ya wakulima, na mbao zake huuzwa tena. Maduka ya ReStore ya Habitat for Humanity pia ni mahali pazuri pa kuokota milango, vitasa na vipande vya mbao kwa bei ya huruma. Ukipata mbao ya ghala, pitisha sumaku upate misumari iliyozama. Angalia vijitundu vidogo vyenye unga mpya chini yake, maana huenda wadudu bado wamo. Ikiwa na rangi ya zamani, ichukulie kuwa ina risasi mpaka upime. Kwa pale za mizigo, tafuta muhuri. HT maana yake ilipashwa moto, hiyo chukua. MB ilifukizwa dawa ya kuua wadudu, hiyo iache.

Mbao tulizopata hazikutosha ukuta mzima, na nashukuru. Ukuta mzima wa mbao nyeusi chini ya ardhi unageuza chumba kuwa sanduku. Tulizifanya rafu tatu na kiti kirefu cha ukutani, yaani baraza.

Baraza kwa wasiojua ni lile benchi la mawe linaloambatana na nyumba, nje ya mlango, ambapo wageni hukaa na habari za mtaa hupita. Letu liko mwisho wa ngazi. Kimo chake ni inchi 18, na chini yake kuna droo ndefu za masanduku, maana familia ya diaspora bila masanduku matano makubwa si familia. Tuliacha nafasi ya vidole viwili kati yake na ukuta wa nje ili hewa ipite. Siku hizi mtu akishuka kufua nguo anakaa pale, na Mjomba akiwa macho wanaongea. Zamani ulikuwa unashuka, unaweka nguo, unapanda mbio.

Mkeka wa ukindu wa Mama tuliutundika ukutani. Kwenye zege baridi ungeota kuvu kabla ya Pasaka. Mbuzi ya kukunia nazi haikutundikwa, maana bado inakuna nazi.

Zidaka kati ya nguzo

Vyumba vya majumba ya kale ya Lamu, mji uliowekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, ni virefu na vyembamba. Sababu ni boriti za mikoko zilizobeba dari. Mti wa mkoko una urefu wake, na upana wa chumba haukuweza kuuzidi, kama mita mbili na nusu hadi tatu. Madirisha ni machache. Kwa hiyo wajenzi wale walikuwa na tatizo letu hasa: chumba chembamba, mwangaza haba, dari yenye magogo. Walifanya nini? Walipaka chokaa nyeupe, na kwenye ukuta wa ndani kabisa wakachonga zidaka, vile vijishubaka vilivyopangwa safu kwa safu, vya kuwekea vyombo vya kaure na vitu vya thamani. Jicho likifika kwenye ukuta halikwami. Linaona vina na vivuli, na chumba kinaonekana kimerefuka.

Sasa angalia bahati hii. Ukuta wa kawaida wa Marekani hujengwa kwa mbao za mbili kwa nne zilizopangwa kila inchi 16. Kati ya mbao na mbao hubaki inchi 14 na nusu, na kina chake ni inchi tatu na nusu. Hicho ni kidaka kinachokungoja ukikate. Kifanye kwenye ukuta wa kugawa vyumba, si ukuta wa nje, kwa sababu kule kuna vile vibao vya kuzuia baridi. Kabla ya kukata, hakikisha hakuna waya wala bomba. Sisi tulifanya tisa, safu tatu za vitatu, ndani tukapaka nyeupe isiyong'aa.

Kisha ndiyo ukaja usasa wenyewe: utepe mwembamba wa taa za LED umefichwa juu ya kila kidaka. Chagua mwangaza wa Kelvini 2700 hadi 3000, ule wa rangi ya asali. Ukienda 5000, umejenga zahanati. Huku Disemba jua huzama saa kumi na nusu jioni, na mtu wa zamu ya usiku anaamka gizani na kwenda kazini gizani. Taa ya kwanza anayoiona asubuhi yake, ambayo ni jioni yetu, isimpige usoni.

Ndani ya zidaka hakuna kaure ya China. Kuna kikombe cha kahawa kisicho na mkono, redio ya marehemu babu, picha mbili, na chetezo. Vitu vyote hivyo vilikuwa ndani ya maboksi palepale besmenti, miaka yote.

Usingizi wa mchana

Dari tuliiacha wazi kwenye sebule ya chini, boriti zikionekana, zikapakwa nyeupe. Unapata inchi kadhaa za kimo, na fundi bomba akihitaji kupita haharibu kitu. Kanuni hutaka vyumba vya kuishi viwe na kimo cha futi saba, kwa hiyo kila inchi ina thamani.

Chumbani kwa Mjomba tulifanya kinyume. Pale kisasa na kishamba vyote vilinyamaza, akasikilizwa yeye. Wadogo zetu wanakimbia juu saa nne asubuhi, saa ambayo kwake ni usiku wa manane. Tulijaza sufi ya mawe kati ya boriti ili izuie kelele, tukafunga kwa jipsamu. Mlango ni mzito. Dirisha jipya lina pazia jeusi ambalo halipitishi hata mstari wa mwanga.

Utasema, sasa dirisha lote lile limefunikwa? Ndiyo, saa nane za usingizi. Akiamka analivuta pazia mwenyewe. Mwezi wa sita, kukiwa na mwanga hadi saa tatu usiku, amepanda mnaanaa kwenye vyungu ukingoni mwa kile kisima cha nje. Hakuna aliyemwambia. Miaka sita hakuwa ameweka kitu chake chochote kwenye chumba kile zaidi ya chaja ya simu.

Mkitaka kuanza

Huna haja ya kufanya yote mwaka mmoja. Ving'ora wiki hii. Kipimo cha radoni baridi ikianza. Gata na udongo kabla ya theluji kuyeyuka. Halafu dirisha, ambalo huenda likachukua maelfu ya dola na miezi ya kuweka akiba. Mkichangishana kwa harusi mnaweza kuchangishana kwa hili. Kuta baada ya dirisha. Zidaka, rafu na baraza mwisho, na hizo ndizo kazi za mikono ambazo nyinyi wenyewe mnaziweza mkiwa na msumeno, pima maji na subira.

Wazee wetu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi leo shuka chini, bisha hodi, umuulize yule anayelala huko swali moja: ngazi zikishika moto, utatokea wapi? Akianza kutazamatazama ukutani kabla ya kujibu, mmeshajua pa kuanzia.

Mkipima madirisha yenu, tutumieni vipimo na picha. Tutavisoma kwenye kipindi kijacho.